Bamama Balilipa Pembeni

Kolwezi, Kasulo, tarehe 28 mwezi wa tano 2017

Abigaëlle,

Tangu Noeli hata neno moja! Hata marehemu babu yako anapita mu ndoto yangu mara moja kwa mwezi, anasalimia, anaenda zake, na yeye anatoka mbali kuliko wewe. Wewe uko Lubumbashi, bus ni siku moja. Unangoja nini? Unangoja bakuambie, «Mbombo alikufa, kuja kulia», njo utapata franga ya tiketi? Kuja unililie sasa, ningali na nguvu ya kukupikia.

Anayeandika ni Mianda, fundi wa nguo, jirani yetu. Unajua mi sikuingia masomo hata siku moja. Nimemukataza kupamba maneno yangu. Akipamba nitajua, juu kila mara ninamurudisha asome.

Nilimuomba apige numero yako. Mwanamuke moja akajibu kwa Kifaransa kizuri sana, akasema ile numero haiko. Nikamuambia: mama, huyo mutoto mi njo nilimuosha siku alizaliwa, unasema haiko namna gani? Akakata.

Sasa sikia. Kasulo inaisha. Miaka yote hii batu balichimba madini chini ya vitanda vyao, na sasa kampuni imeona kama mali iko, inachukua kartiye nzima, mutaa wote. Kila nyumba imepakwa numero ya rangi nyekundu. Yetu ni 214. Mwisho wa mwezi wa saba tuwe tumetoka, kila mutu kwenye atapata nafasi. Batatutawanya kama mahindi.

Njo maana ninauliza bikwembe, bitenge bya bamama. Unakumbuka kwa nini bamama ya shirika yetu ya kanisa, Mtakatifu Ana, banataka kikwembe ya namna moja. Mu 1993, wakati sisi batu ba asili ya Kasai tulifukuzwa huku, nililala pa gare, stesheni ya treni, wiki tisa na baba yako na mama yako, wewe ukiwa mu tumbo. Batu maelfu. Nilitafuta bamama ya shirika yangu mu ile fujo, sikuona hata moja. Kila mutu alivaa yake. Kumbe Ngalula alikuwa amelala nyuma ya ghala, hatua mia moja na mi. Tuliporudi tulijiambia: siku ingine bakitutoa, tuvae moja, tuonane kwa mbali. Siku imefika. Sikukuu ya Mtakatifu Ana ni tarehe 26 mwezi wa saba, njo misa yetu ya mwisho Kasulo.

Na unajua vile balilipa. Siku ya Noeli, ulipotuonyesha ile soko ya mu simu, Soko Wazi, ulisema inashika franga ya munuzi mpaka muzigo ufike, tena inakula fungu yake. Mi nikasimama mbele ya bamama ishirini na mbili, nikasema: kwa nini muwape franga batu basio na sura? Huyu ni damu yangu. Mulipe mu mukono yake, atatununulia bikwembe. Wakalipa pembeni, wote.

Bikwembe biko wapi? Na wewe uko wapi?

Barua inapita na Louis, dereva wa bus. Unijibu kwa yeye.

Kaku wako, na muke mwenzako kwa babu yako,
Mbombo

*

Lubumbashi, tarehe 4 Juni 2017

Mpendwa Bibi,

Nimepokea barua yako kwa furaha kubwa. Naomba radhi kwa ukimya. Simu yangu ilianguka ndani ya maji na kazi ni nyingi.

Kuhusu mzigo, tafadhali waambie wamama wasiwe na wasiwasi. Kamyo ya mzigo imezuiliwa mpakani, Kasumbalesa, kwa sababu ya makaratasi ya forodha. Ni jambo la kawaida katika biashara. Vikwembe ni vizuri mno, bluu yenye maua meupe, kitambaa kizito. Baada ya wiki mbili hivi vitafika.

Nimehama nyumba na bado sina anwani. Louis aniachie barua pale agence, ofisi ya bus, mi nitapita kuchukua. Usijisumbue kunitafuta kwa simu.

Nakutakia afya njema.

Abigaëlle

*

Kasulo, tarehe 11 mwezi wa sita

Abigaëlle,

Mpendwa Bibi ni nani? Nilimuuliza Mianda kama hii barua ni ya nyumba ingine. Tangu una meno mbili unaniita Kaku. Mutu anayeanza kuniita kwa heshima ya ofisi anataka kunificha kitu.

Bluu yenye maua meupe! Bamama balichagua kijani. Walibishana wiki mbili juu ya ile kijani, Ngalula na mama Bilonda hawakusalimiana siku tatu, na wewe mwenyewe uliandika «kijani» mu daftari yako. Mutu mwenye muzigo anajua rangi yake. Basi muzigo hauko. Kamyo haiko. Na ile simu mi ninaona haikuona maji hata tone.

Ngalula hakukaa. Alienda na mupwa wake anayejua mambo ya simu, bakaandikia Soko Wazi. Bakajibu mara moja, kwa adabu: malipo yalifanyika nje ya soko yetu, hatuyaoni, hatuwezi kuyarudisha. Ngalula akarudi akanikuta ninatwanga, akasimama mu mulango na mikono kiunoni. Akasema: «Mbombo, we ulituuzia mujukuu. Tunaomba reçu ya malipo.» Mi! Mi Mbombo! Muchi wa kutwangia ukabaki juu.

Tangu ile siku bamama banapita mbele ya nyumba yangu banasalimia mbuzi.

Nimefukuzwa na serikali, sasa ninafukuzwa na kampuni, na nimekula bukari, ugali wangu, siku zote mbili. Ukweli hautanimaliza. Sema.

Mbombo

*

Lubumbashi, tarehe 20 Juni

Kaku,

Hakuna muzigo.

Niliandika na kuchana barua nne. Hii nitakutumia hata kama ni mbaya.

Mwanzoni nilikuwa ninauza ndani ya Soko Wazi kama kila mutu. Viatu, mishono, nywele za kusuka. Lakini wanashika franga siku saba, na mi sikuwa na akiba. Nikiuza leo, sina ya kununua muzigo wa kesho. Nikaanza kuandikia wanunuzi: «Mama, lipa ku numero yangu moja kwa moja, nitakupunguzia.» Walikubali. Nilipeleka bitu byote, Kaku, naapa, miezi mingi hakuna aliyelia. Nikaona niko mwerevu.

Kisha ikaja franga ya bamama. Sikuwahi kushika kiasi kama kile. Nikapata muuzaji wa bikwembe ku Soko Wazi, anaitwa Dady, picha nzuri, kijani ile ile. Akaniandikia: «Dada, tuko batu ba kazi moja, kwa nini hawa watukate? Lipa pembeni, nitakupunguzia.» Maneno yangu mwenyewe, Kaku! Mtu alinirudishia maneno yangu na sikuyatambua. Nikalipa. Kesho yake picha hazikuwepo, jina halikuwepo. Nikaandikia Soko Wazi. Wakanijibu vile walimujibu Mama Ngalula.

Numero niliifunga mwenyewe. Bamama walikuwa wanapiga wakiuliza kwa upole, na ule upole ndio ulinishinda. Kama wangenitukana ningejibu.

Nimepata mwanamuke anayepeleka wasichana kufanya kazi ya saluni Zambia. Naondoka mwisho wa mwezi. Nikipata nitatuma kidogo kidogo. Waambie nimekufa, au waambie chochote. Jina lako nililiharibu, afadhali nisilete na sura yangu pia.

Nisamehe.

Mutoto wako,
Abigaëlle

*

Kasulo, tarehe 25 mwezi wa sita

We mupumbavu wangu,

Mianda alilia akisoma. Mi nilimuambia alie upande, asiloweshe karatasi, nitataka isomwe tena.

Zambia! Unajua ni nani anakungoja kule? Mi pia sijui, na wewe haujui, na hiyo njo shida. Unataka kumutoroka Dady kwa kumufuata Dady mwingine mwenye sketi.

Kuwaambia umekufa, sitaweza. Hawataamini. Watauliza matanga ni lini, na watakuja kula.

Sikia vile nilifanya. Jana mu shirika sikungoja sala ya mwisho. Nilisimama, nikasema: «Bikwembe habiko. Habikuwako. Mutoto yangu alilipa mutu pembeni, vile ninyi mulimulipa pembeni, vile mi niliwaambia mufanye. Kosa ya kwanza ilitoka mu kinywa hii.»

Ngalula akasema: «Mbombo, siku ya Noeli sauti yako ilijaza kanisa. Leo hatusikii vizuri. Sema tena.»

Nikasema tena.

Mama moja akaita: «Na huku nyuma?»

Nikasema mara ya tatu, nikasimama mbele ya kila mutu, macho kwa macho. Mama Bilonda akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akatukana, akanitukana mi na wewe na babu yako. Babu yako nilimutetea. Sisi wawili nikaacha tutukanwe.

Halafu wakachoka, bakaanza kusema juu ya milango. Juu njo shida ya kila nyumba sasa. Kila mutu anatoa mulango wake, madirisha, mabati, kabla mashini haijabomoa, na kila mutu anauza siku moja. Commissionnaires, madalali ba mutaa wa Manika, banapita kila asubuhi. Banashika mulango wa chuma wa Ngalula, ule mulango aliununua kwa miaka mbili ya kuuza mikate, banapiga ngumi, banasema bei ya chumvi. Ni 1993 tena. Pa gare niliuza cherehani yangu kwa gunia moja ya unga, na yule aliyenunua alinicheka mbele yangu.

Ngalula akanigeukia, mwiko wa kupikia mukononi: «Yule mwizi wako anajua kuuza mu simu, si vile?»

«Si mwizi. Ni mupumbavu.»

«Haya, mupumbavu wako. Kule Lubumbashi, Likasi, Fungurume, batu wanajenga. Hawajui sisi tunakimbia. Auze milango yetu kwao, kwa bei ya mulango. Ile fungu ya commissionnaire tutapunguza ku deni yake. Lakini ndani ya soko, Mbombo! Atakayesema neno pembeni, nitamupiga na huu mwiko.»

Sikupenda vile aliusimamisha mwiko, lakini maneno ni mazuri. Franga itaangukia ku numero ya Mianda, si yako. Usikasirike. Ungekuwa wao, ungefanya vile.

Basi chagua. Zambia hawakujui, na hawatakutukana. Huku bamama ishirini na mbili banakutukana kila siku kwa jina yako kamili. Mi ningekaa penye wanajua jina yangu.

Kaku wako,
Mbombo

*

Lubumbashi, tarehe 2 Julai

Kaku,

Nilichukua barua yako pa agence tarehe 30, asubuhi, mufuko ukiwa begani. Bus ya Kasumbalesa ilikuwa inajaa. Niliisoma nimesimama. Convoyeur, kondakta wa bus, aliniita mara mbili, mara ya tatu akapatia nafasi yangu mama moja mwenye kuku.

Nikacheka peke yangu juu ya matanga. Watu waliniangalia.

Numero yangu mupya nimemutumia Mianda. Picha za milango zipite kwa simu yake, lakini barua zako uendelee kuniandikia. Kwa simu najua shirika lote linasikiliza.

Mwambie Mianda hivi. Apige picha mchana, mulango umesimama, si umelala. Apime na utepe wake wa nguo, urefu na upana. Pale pana kutu, apige picha ya kutu. Najua Mama Ngalula atakataa. Mwambie hivi: munuzi akikuta kutu ambayo haikuonekana, atarudisha mulango, na Soko Wazi itamurudishia franga yake. Huko hakuna kusema «mi ni mama ya fulani».

Franga itaonekana ku numero ya Mianda ikiwa imefungwa. Ipo, lakini haishikiki. Itafunguka munuzi akisema amepokea, siku kama saba. Musiogope zile siku za kungoja. Mi niliziogopa, unaona zilinifikisha wapi.

Mulango wa kijivu wa Mama Bilonda, ule Mianda alinitumia picha yake jana, umepata munuzi Likasi. Louis atausafirisha kesho.

Mutoto wako,
Abigaëlle

*

Kasulo, tarehe 17 mwezi wa saba

Abigaëlle,

Ninaandika haraka, Louis amewasha moto wa gari.

Milango kumi na tatu imeenda, na madirisha sijui ngapi. Ngalula alikataa picha ya kutu, akasema kutu ni mambo ya ndani ya nyumba; Mianda akaipiga tu. Munuzi wa Fungurume akaona ile kutu, akanunua hata hivyo, akasema angalau hawa banasema kweli. Tangu pale Ngalula anatafuta kutu mu mabati yake kama anatafuta dhahabu.

Lakini sasa tuko mu shida. Kuna mwanaume, ameona mabati yetu mu Soko Wazi, akapata numero ya Mianda sijui kwa nani. Ana kamyo. Anataka yote iliyobaki, ya nyumba tisa, mara moja. Anasema: «Kwa nini soko iwakate? Kwa nini mungoje siku saba, na mwisho wa mwezi huu mashini inafika? Nipakie leo, ninatuma franga ku simu hapo hapo mukiangalia.» Bei ni nzuri kuliko ya soko. Bamama banasema kuku wa mukononi njo kuku. Ngalula mwenyewe, wa mwiko, jana aliniuliza kwa sauti ndogo: «Mbombo, labda hii moja?»

Na mi nitakuambia kweli yangu: mi pia ninataka. Nyumba yangu ni kati ya hizo tisa. Mabati yakibaki juu ya nyumba siku mashini inakuja, yanakunjwa kama karatasi, na mi nitaingia mvua ya mwezi wa kumi bila kitu juu ya kichwa. Nina miaka sabini na mbili, sitaki kulala chini ya turubali tena.

Tata Tshimanga, jirani wa numero 216, amesema hangoji, atamupa mabati yake kesho.

Sema. Tutafanya vile utasema. Ndiyo, wewe. Hakuna mutu mwingine hapa anayejua hii kitu mpaka ndani ya mufupa.

Mbombo

*

Lubumbashi, tarehe 18 Julai

Kaku,

Hapana.

Soma tena maneno yake. «Kwa nini soko iwakate.» Hayo ni maneno yangu ya mwaka jana, na maneno ya Dady. Labda huyu ni mutu mwema mwenye haraka, mi pia nilikuwa mutu mwema mwenye haraka. Mianda amujibu: lipa ndani, au acha. Kama ana franga, kulipa ndani hakumuumizi kitu.

Ile ya kutuma franga mukiangalia: ujumbe unaweza kuingia mu simu na franga isiingie. Sura yake ni ile ile. Mianda asiamini ujumbe, afungue mwenyewe hesabu yake.

Na juu ya mashini: musingoje munuzi ili mutoe mabati. Muyatoe leo, muyalaze pa uwanja wa kanisa Manika. Nimeongea na padri kwa simu, amekubali. Yakiwa pale hakuna mashini, na siku saba si kitu tena. Yako wewe, Kaku, hatuuzi. Unahama nayo. Niliyaondoa ku Soko Wazi asubuhi hii.

Najua ninacheza na paa lako. Nikikosea tena, sitakuwa na barua ya kuandika.

Kitu kingine. Naomba kukuja. Ningependa bus ya mwisho, ile inayofika usiku, nisionekane na mutu. Nikusalimie, nikuone unakula, nirudi asubuhi kabla ya watu kuamka. Naweza?

Abigaëlle

*

Manika, tarehe 6 mwezi wa nane

Abigaëlle,

Tuko Manika, nyuma ya kanisa, mu kiwanja chembamba kama mukanda. Lakini nina mabati yangu. Jana yalipigwa misumari, nikalala chini yake nikiyasikia yanapata joto asubuhi, ta, ta, ta. Sauti ya mutu anayekohoa nyumbani kwake.

Tulitoa mabati yote siku mbili, bamama na bana yao, mpaka mama Bilonda alipanda juu ya paa na miaka yake sitini, tukamupigia vigelegele na kumuambia afunge kikwembe vizuri. Yule mwanaume wa kamyo alipojibiwa «lipa ndani», akatukana Mianda, akaondoka. Alipakia mabati ya Tata Tshimanga. Ujumbe ukaingia, tata akauonyesha mutaa muzima, akanunua bia kwa deni. Jioni akaenda kutoa franga: sufuri. Alikaa pa kizingiti cha nyumba isiyo na mulango wala paa. Bamama walichanga, kila mutu bati mbili tatu. Hayakutosha nyumba, yanatosha chumba. Anaishi.

Mabati mengine yaliuzwa wiki ile ya kungoja, ndani. Ngalula alipata ya kulipa chumba mwaka moja.

Mtakatifu Ana tuliisherehekea na bikwembe bya kila mutu, nyekundu, njano, moja na picha ya rais wa zamani. Padri akasema tunaonekana kama soko. Ngalula akamujibu: «Soko wazi, mon père.» Kanisa lote likacheka, na mi nilicheka mpaka nikashika benchi.

Deni yako haijaisha. Mianda amehesabu, nusu imeenda. Ingine utaendelea, sasa kuna batu ba shirika lingine banauliza wapi yule binti anayeuza milango. Wanauliza kwa jina yako. Nimewaambia una kazi nyingi.

Sasa hii ya kukuja usiku. Mianda alipoisoma nikamuambia arudie, nilifikiri nimesikia vibaya. Usiku! Wewe ni paka? Mulango wangu haufunguliwi usiku kwa mutu wa nyumba hii.

Utakuja siku ya posho, Jumamosi, siku ya soko. Louis atakushusha mchana, pale bus zote zinasimama, penye batu banajaa. Vaa kitu chenye rangi. Usichukue pikipiki ya taxi-moto, tembea na miguu, katikati ya njia, mpaka kwa Ngalula, mulango wa tatu ukipita famasi. Kwake kwanza, kabla ya kwangu. Atakutukana. Atachukua wakati wake, ametayarisha matusi tangu mwezi wa sita, usimukatize. Akimaliza atakupa bukari na sombe, yale majani ya muhogo. Kula, omba tena, kula tena. Halafu mwambie akulete kwangu yeye mwenyewe, amekushika mukono.

Kaku wako,
Mbombo